Bigfoot ya Sierra Nevada: iache ipate joto kwanza ndo uihukumu

Mkuu, umeuliza kwanini watu wanaisifia Bigfoot, bia ya kiwanda cha Sierra Nevada cha Marekani, wakati wewe umeionja ukakuta uchungu tu na pombe inayochoma koo. Nakujibu kama mtu anayeipenda sana hii bia: ulikunywa ikiwa ya baridi kiasi gani? Maana ukiitoa kwenye friji ukaanza kuigugumia kama laga, umeinywa lakini hujaionja. Baridi kali inafunga harufu yote, unabaki na gesi na uchungu basi.

Hii ni barliwaini, yaani aina ya bia nzito na kali sana, kilevi asilimia 9.6, wanaipika kila mwaka tangu 1983, na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) wamemwaga bila huruma, za aina ya Cascade, Centennial na Chinook. Kwahiyo uchungu upo, sikatai. Ila chini yake kuna kimea kingi mno, yaani ile nafaka iliyooteshwa inayoleta utamu, na hicho hakijitokezi mpaka bia ifike kwenye nyuzijoto 12 hivi.

Mimi natumia glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, namimina taratibu mpaka nusu tu, chachu iliyotuama chini ya chupa naiacha hukohuko, alafu natulia. Rangi ni nyekundu ya kahawia, ukiinyanyua kwenye taa pembeni inawaka kama kaa la moto. Mwanzoni pua inapigwa na ganda la balungi na utomvu wa msonobari, mkali kabisa. Subiri dakika 15 unuse tena: karameli, mkate uliobanikwa, zabibu kavu, vinakuja kimoja kimoja. Hapo sasa piga funda dogo, lizungushe mdomoni, limeze kisha toa pumzi kwa puani, utasikia utamu umetangulia, uchungu unafuata nyuma na unakaa muda mrefu, na ile pombe iliyokuwa inakuchoma inageuka joto zuri linaloshuka kifuani. Ni nzito, inanata mpaka kwenye midomo. Kwangu hapo ndo utamu wote wa hii bia ulipo, na nasikitika kuona mtu anamaliza chupa kabla hajafika hapo.

Kitu kingine ni umri. Ukiiweka chupa imesimama, sehemu ya giza isiyo na joto, kwa mwaka au miwili, hopsi zinapoa na kimea kinachukua usukani, inakuwa na ladha ya tende na kwa mbali sheri, ile divai kali ya Hispania. Binafsi naipenda hivyo kuliko mbichi. Ila usiisahau huko, hewa kidogo iliyobaki chupani nayo inafanya kazi yake, ikizidi bia inaanza kunuka karatasi iliyolowa.

Na kama ukishafanya hayo yote bado uchungu unakushinda, anza na Vintage Ale ya Fuller's ya Uingereza, asilimia 8.5, hopsi zake ni pole zaidi. Ukiizoea hiyo ndo urudi kwa Bigfoot.