Kuchapisha utafiti wa fizikia bila taasisi

Ndugu, umeuliza kama mtafiti wa fizikia asiye na chuo nyuma yake anaweza kuchapisha makala. Anaweza: penye nafasi ya taasisi, majarida mengi hukubali uandike kwamba wewe ni mtafiti huru. Ugumu halisi uko arXiv, hifadhi ya makala ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1991, ambako mwandishi mpya huhitaji kuidhinishwa na mtafiti aliyekwisha kuchapisha humo katika tawi hilohilo. Basi mwandikie mtu ambaye kazi yake umeitumia kweli, ukimweleza kwa aya moja umeongeza nini, na tafadhali usiwatumie watu wengi barua ileile. Kuhusu ada, majarida yanayolipiwa na wasomaji kwa kawaida hayamtozi mwandishi, na katika fizikia ya chembe mpango wa SCOAP3 hulipia majarida kadhaa yaliyo wazi kwa wote.