Majalada ya mafao ya Marekani na utafutaji wa ukoo

Ndugu, umeuliza kama kumbukumbu za mafao ya serikali ya Marekani zinaweza kukufikisha kwa wazee wa ukoo wenu wa huko ambao hawakuacha barua wala picha. Zinaweza. Katika kutafuta nasaba ya wakwe zangu zimenifaa kuliko vitabu vya kanisa, mradi mtu asiishie kwenye faharasa ya vifo ya Hifadhi ya Jamii (Social Security, mfumo wa serikali ya huko wa pensheni na mafao), ambayo haitaji wazazi.

Unachohitaji ni fomu ya kuombea namba ya Hifadhi ya Jamii, SS-5, iliyoanza kujazwa Novemba 1936. Humo mwombaji alieleza alikozaliwa, mwajiri wake, jina la baba, na jina la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha kifo hujazwa kwa maelezo ya waliobaki, ilhali fomu hii ilitokana na mhusika akiwa hai. Zinapopingana kuhusu wazazi, mimi huanza na fomu. Unapoomba nakala, ambatisha uthibitisho kwamba wazazi hao wamekufa, la sivyo majina yao hufichwa, isipokuwa kama kwa hesabu ya umri wangekuwa wamepita miaka 120.

Usishangae ukimkosa mtu. Vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya mfumo huo hadi marekebisho ya 1950, na pengo hilo limezigusa sana familia za Wamarekani weusi. Wafanyakazi wa reli nao walikuwa na mfuko wao wa pensheni.

Kwa vizazi vya nyuma zaidi, hazina kubwa ni pensheni za askari wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, na kwa kuwa ndoa za watumwa hazikutambuliwa kisheria, sheria ya 1864 iliruhusu wajane wa askari weusi kuzithibitisha kwa ushahidi wa watu waliowafahamu. Ndiyo maana majalada hayo yana viapo vya majirani na wenzao wa utumwani, wakisimulia nani alimwoa nani, katika shamba la bwana yupi, na watoto gani walizaliwa. Katika jalada moja la upande wa wakwe zangu, shahidi aliwataja ndugu wa mjane waliouzwa mbali, watu ambao hatukuwa tumewaona katika sensa yoyote, na kutokana na ushahidi huo tukapata tawi zima la ukoo.

Askari wa upande wa Kusini hawakulipwa na serikali kuu bali na majimbo, hivyo majalada yao yatafute kwenye nyaraka za jimbo alikoishi mwombaji. Ya Muungano yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington. Ukiagiza, omba jalada zima, hata kama ombi lilikataliwa, kwa sababu kurasa chache za kuchaguliwa zinaweza kuviacha nje viapo vya mashahidi.