Muulize Fundi: Filta ya mtambo wa joto na baridi

*Fundi, habari za kazi? Tumehamia nyumba ya kupanga hapa Columbus, Ohio, na mwenye nyumba ametuachia jukumu la kubadilisha filta. Dukani zimejaa, kuanzia MERV 4 hadi 13. Nichukue ipi? – Mama Salma*

Nzuri, Mama Salma. Chomoa kwanza ile ya zamani, usome vipimo pembeni mwa fremu, tuseme 20x25x1. Ni inchi, lakini ukipima kwa rula utakuta imepungua karibu nusu inchi kila upande. Usiirudishe dukani! Imetengenezwa hivyo ili iingie bila kubanana.

MERV ni kipimo cha kunasa chembe. Zile nyepesi za faiba, unazoona mwanga ng'ambo ya pili, zinalinda mashine kuliko mapafu yenu. MERV 8 hunasa vumbi la kawaida na chavua. MERV 13 hunasa angalau nusu ya chembe za maikroni 0.3 hadi 1, saizi ya moshi. Siku kama zile za Juni 2023, moshi wa misitu ya Kanada ulipowafikia, ndipo utaona faida yake. Mimi ningeweka 8 au 11, na 13 kama kuna mwenye pumu na mashine inaimudu. Halafu kama mnafukiza udi kila Ijumaa (nawajua watu wangu), msisubiri miezi 3 kuibadilisha.

*Niliweka 13 ya inchi moja, AC ikaganda barafu katikati ya kiangazi. Ni filta kweli? – Msomaji, Houston*

Inawezekana. Filta nzito na nyembamba huinyima feni hewa, koili (mabomba ya kupoza ndani ya mashine) inapoa kupita kiasi, unyevu unageuka barafu. Majira ya baridi huwa kinyume: tanuru, yaani mashine ya joto, linachemka mno, swichi ya usalama inalizima. Lakini uliibadilisha lini mara ya mwisho? Hata 8 ikijaa uchafu hufanya hivyohivyo, na gesi ya kupoza ya AC iliyopungua pia. Zima upande wa baridi, acha feni iyeyushe barafu, weka filta mpya ya 8 uone. Ikiganda tena, ita fundi. Ukitaka kubaki na 13, mwombe akutengenezee nafasi ya inchi 4: ina mikunjo mirefu, hewa inapita kirahisi, na hudumu miezi 6 hadi 12.

*Mshale kwenye fremu unaelekea wapi?*

Kwenye feni. Daima.

*Mimi niko Mombasa, AC yangu ni ya ukutani. Haya yananihusu?*

Machache. Yako ina wavu wa plastiki chini ya kifuniko cha mbele. Huna haja ya kununua mwingine. Uoshe kila wiki mbili kwa maji na sabuni kidogo, uuanike kivulini, maana jua kali huupinda, na usiurudishe ukiwa na maji. Ila moshi wa jirani anayechoma taka hauzuiliki kwa wavu huo, funga dirisha.