Re: Naanza kujifunza BIM, nianzie wapi? – LEVELI KWANZA!

Acha kwanza! Umeandika kwamba utaingiza ramani yako ya zamani ya AutoCAD (programu ya kuchora kwa mistari) kwenye Revit (programu ya BIM, yaani ya kujenga modeli ya jengo yenye taarifa zake), uivunjevunje iwe mistari mitupu, ufuatishe kuta juu yake, halafu "mambo ya leveli", yaani kimo cha kila sakafu, utayapanga ukishamaliza. Salamu tutapeana siku nyingine. Njia hiyo nimeipita, najua inaishia wapi.

Jengo zima la ghorofa nililichora hivyohivyo. Kila ukuta niliuandikia urefu wa mita 3 kwa mkono, kilele kikabaki "Unconnected", yaani hakijashikwa na leveli ya juu. Kwenye skrini lilipendeza, usiseme. Mhandisi wa miundo akaja na boriti zake nene, akataka sakafu hadi sakafu iwe mita 3.3. Nikapandisha leveli. Sakafu zikapanda, kuta zikabaki na mita 3 zao. Kila ghorofa ikawa na mwanya wa sentimita 30 juu ya ukuta; popo wangehamia bila kulipa kodi.

Ningerekebisha siku ileile yangeisha. Wapi! Nikaziba mianya kwa mistari kwenye michoro ya mkato, ujanja wa AutoCAD. Karatasi zikatoka safi kabisa. Lakini jedwali la vipimo la Revit huhesabu kuta, halihesabu mistari! Mkadiriaji majenzi akachukua eneo la kuta kutoka kwenye modeli, pungufu kwa asilimia 9 hivi, na plasta na rangi zikafuata upungufu huohuo hadi kwenye bei aliyopewa mteja. Ilipogundulika, nilirudia modeli yote bila malipo, na kazi iliyofuata ya mteja huyo akapewa mwingine.

Na yule mwalimu wa kozi aliyetuambia "BIM ni AutoCAD iliyosimama wima", nikimkumbuka hasira zinanipanda. Muda wote ni vioo, miti na jua la machweo. Leveli aliziruka kama dimbwi. Cheti alinipa, sikatai. Mhuri wake umenyooka kuliko kuta zangu.

Kwa hiyo leveli, kisha gridi (mistari ya kupangia nguzo na kuta), NDIPO ukuta, na kila ukuta ushikwe chini na juu. Chora mmoja tu, pandisha leveli ya juu nusu mita. Ukuta usipoifuata leveli hiyo, ufute, usiendelee. Ramani ya zamani iunganishe kama kiungo, usiivunje.

Uliuliza Revit au ArchiCAD? Yoyote, hata ArchiCAD ukuta hufungwa kwenye ghorofa ya juu. Swali lako la kompyuta watakujibu wengine.