Leza kwanza, fila baadaye: kwa mnaoanza kazi ya ngozi hapa Tanga

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, ombi moja litawafikia mapema sana: "Daktari, nifanyie leza na fila zote leo, harusi Jumamosi." Linakuja zaidi Rajabu na Shaabani, watu wanapowahi kuozesha kabla ya Ramadhani, na mara nyingi linasemwa na mtu mzima wa kuheshimiwa, shangazi wa bi harusi au somo yake. Jibu langu ni hapana. Nataka mjue vizuri sababu yake, maana mteja akinyimwa bila kuelezwa anakwenda kwa mtu asiye na leseni, kwenye chumba cha nyuma cha saluni.

Sababu yenyewe ni dalili. Fila, yaani dawa ya kujaza uso inayochomwa kwa sindano, ikiingia ndani ya mshipa wa damu au kuubana, ngozi inayolishwa na mshipa ule huanza kufa. Dalili zake ni maumivu makali kuliko sindano ilivyostahili, ngozi kupauka ghafla, kisha michirizi ya zambarau iliyosukana kama wavu. Sasa chukua uso uliopigwa leza saa moja iliyopita. Umevimba, unauma, rangi imeshabadilika. Ongeza krimu ya ganzi uliyompaka: inaficha maumivu, na ile yenye mchanganyiko wa lidokeini na prilokeini huipausha ngozi yenyewe. Dalili zote tatu ulizokuwa unazitegemea zimefunikwa kwa wakati mmoja, tena na mikono yako mwenyewe.

Kwa ngozi zetu ugumu unazidi. Picha nyingi za vitabuni ni za watu weupe, ambao wekundu na mpauko huonekana waziwazi. Kwa mtu mweusi mpauko huja kama rangi ya majivu, na zambarau huja kama weusi uliofifia. Zoezeni vidole vyenu. Bonyeza ngozi, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kisha fanya hivyohivyo upande wa pili wa uso ulinganishe. Ukichoma mdomo, ugeuze utazame na ndani, huko ngozi laini haifichi kitu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni leza kwanza, fila baadaye. Leza isiyochubua ngozi, subiri wiki 2 au zaidi. Leza inayochubua, kama ya kaboni dioksidi au ya Er:YAG, subiri wiki 4 au zaidi, na hata hapo usitazame kalenda peke yake: ngozi iwe imefunga kabisa, kwa sababu sindano inayopita kwenye kidonda hubeba vijidudu hadi kule fila inakokaa. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaisemi. Leza hukaza ngozi, hivyo baada ya kutulia unaona kiasi cha fila kinachohitajika kweli, na mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyodhani. Wapo mabingwa wanaofanya vyote siku moja, wakianza na leza, na wanafanya vizuri. Wana miaka mingi ya kuitambua hatari kwa macho. Ninyi bado.

Akija mtu ambaye tayari ana fila, muulize aliwekwa nini, wapi, lini. Hapa kwetu wengi wamechomwa Dar, Nairobi au Dubai, na baadhi hawasemi mpaka uulize mara ya pili, kwa upole, mama mkwe akiwa ametoka nje. Ikiwa ni fila ya asidi ya haialuroniki, ile inayoweza kuyeyushwa, iliyowekwa chini kabisa, karibu na mfupa, leza za juujuu hazifiki huko. Mpe wiki 2 tangu achomwe, kisha endelea kwa nguvu ndogo. Iliyowekwa karibu na uso wa ngozi ni habari nyingine, joto la kina linaweza kuiharibu. Na asiyejua alichomwa nini, pengine silikoni, usimpitishie leza ya kina. Mwambie alete kadi au jina la dawa kutoka alikotibiwa. Atanuna, lakini atakuelewa.

Kuhusu mashine, jueni kwamba melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, hula mwanga wa leza. Ngozi nyingi mtakazotibu hapa ni za daraja la 5 na la 6 katika vipimo vya Fitzpatrick vya rangi ya ngozi, yaani nyeusi zaidi, ambazo zikichomwa kidogo tu huacha madoa meusi ya miezi. Kwa kuondoa nywele tumieni leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mawimbi yake marefu hupita melanini ya juu bila kuiunguza sana. Mashine za mwanga mpana ziacheni. Jaribuni kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio, na msiwe na haraka ya kuisoma: lengelenge huonekana upesi, doa jeusi huchukua wiki kadhaa. Ulizeni pia keloidi, yaani makovu yanayovimba, katika ukoo, na vidonda vya homa mdomoni. Mwenye vidonda hivyo aanze asikloviri, dawa ya kuzuia virusi vyake, kabla ya leza inayochubua.

Halafu mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini bado zinapatikana. Ngozi iliyochubuliwa kwa mkorogo ni nyembamba, inapona vibaya, na haiwezi kukupa majibu ya kuaminika. Usimwaibishe mwenye kuitumia. Mwombe aache, umsimamie kipindi cha kuacha maana ngozi hulipuka, na leza isubiri hadi itulie.

Msimsahau somo wa bi harusi, na hili hakuna kozi itakayowafundisha. Mwali wetu husingwa: singo, liwa, manjano, kisha kufukizwa udi. Ni mambo mazuri, mimi mwenyewe nayapenda, ila kusugua singo kwenye uso uliopigwa leza wiki hiyo ni kuukwangua, na kuusugua uso wenye fila mpya ni kuisogeza. Mwite somo kliniki, mkalishe, mweleze kwa heshima: mwili mzima ni wako bibi, uso tu niachie hadi nikuambie. Nimeona masomo wakiwa walinzi wakali wa uso huo kuliko muuguzi yeyote. Hao hao ndio watakaohakikisha losheni ya kukinga jua inapakwa. Chagueni yenye rangi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia na mwanga wa kawaida, ambao nao huitia weusi ngozi yetu.

Kabla hujashika sindano, haialuronidesi iwe kabatini na muda wake haujaisha. Ndiyo inayoyeyusha fila ya asidi ya haialuroniki, na ndiyo sababu mwanzoni msitumie fila nyingine yoyote. Zile za kalsiamu haziyeyuki kwayo. Fila, dawa na mashine ziulizieni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuchoma uso ni kazi ya mwenye leseni, na usajili wa madaktari uko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kati ya nyusi na puani msichome hadi mmesimamiwa muda mrefu, kwa kuwa mishipa ya hapo inaungana na ya jicho. Jicho likikosa damu, hata chini ya dakika 90 zinatosha kuleta upofu usiorudi, na Muhimbili iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Ulizeni mapema daktari wa macho aliye karibu ni nani, hospitali ya Bombo au kwingineko, na simu yake muwe nayo.

Mteja naye mpe namba inayopokelewa usiku. Mwambie kwa siku mbili za mwanzo aangalie uso kwenye mwanga wa dirisha, na akiona mpauko au michirizi atume picha papo hapo huku akianza safari ya kuja. Akiona giza au ukungu jichoni, asipoteze muda kupiga picha. Apige simu akiwa njiani.