Neno Lile Lile, Mdomo Mwingine

*Niko Johannesburg kikazi. Nilikuwa nabishana dini na mwenzangu wa Bongo, nikasema "kafiri". Ofisi nzima ikanyamaza, dada mmoja akatoka. Kosa langu nini? (Mtu wa Tanga)*

Kaka, ulitamka la Tanga, likasikika la Johannesburg. Asili yake ni Kiarabu, asiyeamini, na Waarabu waliokuja pwani yetu kufanya biashara waliwaita hivyo Waafrika wasio Waislamu. Wareno wakalidaka, wakalifanya "cafre". Lilipofika kusini mikononi mwa Waholanzi na Waingereza lilikuwa limeshaacha dini, limeshika rangi. Enzi za ubaguzi, mzee wa miaka sabini aliitwa hivyo na mtoto wa bosi wake. Leo wenyewe hata kulitaja hawalitaji, husema "neno la K". Mwaka 2018 mwanamke Mzungu alihukumiwa kifungo kwa kuwatukana polisi Weusi. Neno lilimtoka mara 48.

Mtafute yule dada umtake radhi. Hiyo historia ya Kiarabu mweleze akikuuliza, usianze nayo, maana ukianza nayo utaonekana unajitetea.

*Mwanangu wa miaka 15 anaimba rapu za Marekani, lile neno la N, tusi la Wazungu kwa Weusi, halimtoki mdomoni. Anasema Weusi wa huko wanaitana hivyo, na yeye ni mweusi. (Mama, Kinondoni)*

Mama, mwanao kasema kweli nusu. Wanaitana, lakini wenyewe hawajakubaliana. Julai 2007 NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, kililifanyia neno hilo mazishi mjini Detroit, jeneza likavutwa na farasi barabarani. Wengine wakaendelea kulitumia, wakisema wamemnyang'anya mtukanaji fimbo yake. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba, na kijana wa Kinondoni ni mgeni pale sebuleni, hata kama rangi ni moja. Babu yake hakuuzwa mnadani huku akiitwa hivyo. Aimbe, akifika hapo aruke. Mdundo hauanguki kwa neno moja.

*"Mzungu" ni tusi? Rafiki yangu Mjerumani ananuna.*

Si tusi. Ila kama mmejuana miaka, mwite jina lake. Nawe ungenuna.

*Mimi Mhehe. Mngoni akiniita mla mbwa nacheka. Kenya mtu anakamatwa kwa kusema "madoadoa", neno la kufulia nguo. Mbona?*

Kwa sababu Mngoni anajua utamrudishia, tena kwa riba. Wahehe na Wangoni walipigana kweli karne ya 19, vita vikaisha, vikageuka utani. Ukifiwa, huyo huyo atakuja kuzuia jeneza mlangoni mpaka alipwe, watu wacheke huku machozi yanawatoka, kisha ashike jembe akachimbe.

"Madoadoa" haina mtani. Huko Bonde la Ufa, doa ni jirani wa kabila lingine, anayeonekana mgeni pale, na madoa huondolewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,000, nyumba zikachomwa. Ndiyo maana mwaka 2022, kabla ya kura, tume ya uwiano, NCIC, ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Ukiwa Eldoret na shati lako limechafuka, sema tu lina madoadoa, hakuna atakayekukamata. Sema hivyo jukwaani, mbele ya vijana wenye viberiti, uone.