Kabla ya Kuigusa Waifai: Kufunga Ruta Nyumbani Laini Mpya Inapoingia

Laini mpya ya intaneti ikishaingia nyumbani, wengi huhesabu kazi imekwisha pale simu inaposhika waifai. Fundi anakunja ngazi yake, watoto wanakimbilia video, na haupiti muda malalamiko yanaanza: intaneti inakatakata, chumba cha nyuma hakipati kitu, kasi si ile tuliyolipia. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayepigiwa simu za namna hiyo, na ruta nilizokwisha kufunga zimenipa msimamo mmoja nisioubadilisha. Usiiguse waifai mpaka waya ukuthibitishie kwamba laini yenyewe ni nzima.

Kati ya kampuni na simu yako kuna vipande vinne: laini ya nje, kifaa kinachoipokea, ruta, na hewa ya chumbani. Ukipima kasi kwa simu ukiwa umejilaza kitandani, umevipima vyote vinne kwa mkupuo, na jibu baya halikuambii ni kipi kinachougua. Hapo ndipo watu huanza kubadilisha kampuni, kununua ruta kubwa zaidi, kulipia kifurushi cha juu, na tatizo likabaki palepale.

Fundi akiwa bado yupo, muulize aina ya muunganisho. Kuna laini zinazojipatia anwani zenyewe mara unapochomeka ruta, kwa utaratibu uitwao DHCP. Kuna zinazotaka jina la mtumiaji na nywila, nazo zinatumia PPPoE. Baadhi ya kampuni huongeza namba ya VLAN, yaani namba inayotenganisha huduma ndani ya laini moja, ambayo ikikosekana ruta yako haipati intaneti hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Muulize pia kama kampuni hufunga huduma kwenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hupewa kiwandani) ya kifaa cha kwanza kilichounganishwa, kwa sababu siku utakapoweka ruta nyingine itakataa bila maelezo yoyote. Andika majibu, kisha piga picha kibandiko kilicho chini ya kila kifaa. Fundi akiwa mbele yako, hayo yote unayapata kwa dakika tano. Akishaondoka, utayatafuta kwa kusubiri kwenye simu huku muziki ukipigwa.

Na kama hajatoboa ukuta, zungumza naye kuhusu mahali. Fundi hupenda njia fupi, yaani pembeni kabisa ya nyumba, pale waya unapoingilia. Waifai yako nusu itamhudumia jirani. Mwombe, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, avute waya hadi karibu na katikati ya nyumba, au akuwekee kebo ya mtandao ya kufikisha ruta huko. Hili peke yake lina faida kuliko mipangilio yote nitakayoitaja hapa chini.

Kwa wenye faiba, yaani laini ya kioo inayobeba data kwa mwanga, waya mwembamba unaotoka nje huishia kwenye kisanduku ambacho mafundi hukiita ONT. Wakati mwingine kisanduku hicho ndicho ruta pia, wakati mwingine ruta ni kifaa cha pili. Itazame taa iliyoandikwa PON: inapaswa kuwaka bila kupepesa. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje, na hakuna utakachofanya kwenye ruta kikasaidia. Usiukunje waya wa faiba kwa kona kali nyuma ya kabati, kwani mwanga huvuja kwenye kona. Usichungulie ncha yake iliyo wazi, maana mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kulidhuru. Kiunganishi cha kijani kimesagwa kwa pembe ya nyuzi 8, cha bluu hakina pembe hiyo, kwa hiyo visichomekane hata kama vinaingiliana vizuri.

Sasa waya. Chukua kompyuta, zima waifai yake, iunganishe kwa kebo na tundu mojawapo la LAN, yaani yale ya vifaa vya ndani ya nyumba, kisha pima kasi. Ukipata kitu cha karibu na kifurushi chako, laini ni nzima na kampuni imetimiza wajibu wake. Weka matokeo hayo. Kuanzia hapo, udhaifu wowote utakaouona kwenye simu ni jambo la ndani ya nyumba yako.

Kuna namba moja ninayotaka uikumbuke: 94. Ukiwa umelipia megabiti 200 kwa sekunde na kipimo kinagota kwenye 93 au 94 kila mara bila kupanda, kampuni haina hatia. Mahali fulani kuna kiungo cha megabiti 100, na hiyo 94 ndiyo inayobaki baada ya gharama za kubeba data. Inaweza kuwa tundu la ruta ya bei ndogo, adapta ya kompyuta, au kebo. Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya nane. Kasi ya megabiti 100 inatumia nne tu, ila ya gigabiti inazihitaji zote nane, kwa hiyo waya mmoja tu kati ya zile nne za ziada ukikatika, mara nyingi vifaa viwili vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100. Dada yangu alibishana na huduma kwa wateja kwa wiki kadhaa kuhusu kasi iliyokataa kuvuka hapo. Nilipofika kwake nilibadilisha kebo fupi iliyokuwa kati ya ONT na ruta, na kasi ikapanda papo hapo. Tafuta kebo iliyoandikwa Cat5e au zaidi, hiyo hubeba gigabiti kwa umbali wa hadi mita 100.

Jambo jingine linalowagombanisha watu na kampuni bure: vifurushi huuzwa kwa megabiti, mafaili hupakuliwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kifurushi cha 40 kikikupakulia faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde, umepata chako chote.

Waya ukisharidhisha, ingia kwenye ruta. Anwani imeandikwa kwenye kile kibandiko, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, nawe unaiandika kwenye kivinjari. Kabla ya kitu kingine chochote, badilisha nywila ya msimamizi. Hii si nywila ya waifai. Hii ni ile inayofungua mipangilio yenyewe, na wengi hawaigusi kamwe. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia Dyn, kampuni ya huduma za DNS, zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, na watu wengi wakashindwa kufungua tovuti kubwa kama Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo hawakujua kwamba vyao vimo. Nakusihi usiliache hili hadi kesho.

Baada ya hapo sasisha programu ya ruta, zima usimamizi wa kutoka nje (uwezo wa kufungua mipangilio ya ruta kutoka kwenye intaneti), na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila ya waifai. Ile WPS ya namba ya siri yenye tarakimu 8 inaonekana salama kwa sababu michanganyiko ni mingi, lakini mwishoni mwa 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Mvamizi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Kompyuta haichoki kujaribu. Upande wa ulinzi wa waifai chagua WPA3 iliyotangazwa mwaka 2018, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikiwa una vifaa vya zamani. Ruta ikikupa WEP, ulinzi wa zamani unaovunjika kirahisi, usiichague hata kwa siku moja. Nywila iwe ndefu: maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kumsomea mgeni na ni magumu kubahatisha. Na wageni wenyewe, pamoja na televisheni na balbu za kisasa, wawekee mtandao wao wa wageni ili wasifikie kompyuta yako ya kazi.

Kwa wenye PPPoE, kuna tatizo moja linalochosha sana usipolijua: tovuti nyingi zinafunguka, chache zinaning'inia tu. Angalia kipimo cha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwenye mipangilio ya WAN, upande wa ruta unaoelekea kwa kampuni. Kawaida ni 1500, lakini PPPoE huchukua baiti 8 zake, hivyo panapaswa kuwa 1492.

Ukiongeza ruta yako nyuma ya ile ya kampuni, tazama anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa WAN. Ikianza na 192.168, una ruta mbili zinazofanya kazi ileile, moja nyuma ya nyingine. Kuvinjari kutaendelea, lakini michezo ya mtandaoni na kamera unazotaka kuziona ukiwa mbali zitasumbua. Iombe kampuni iweke kifaa chao kwenye hali ya daraja, yaani kipitishe data tu bila kufanya kazi ya ruta, au igeuze ruta yako iwe kituo cha waifai tu. Na zote mbili zikitumia 192.168.1.1, zitagongana, basi ipe yako namba nyingine, mfano 192.168.50.1. Anwani ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni inawashirikisha wateja wengi anwani moja ya umma. Hilo hulitatui nyumbani. Omba anwani ya umma kama unaihitaji kweli, na wengi hawaihitaji.

Hapo sasa ndipo waifai inapopata zamu yake, na utashangaa kazi iliyobaki ni ndogo kiasi gani. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, lakini yamejaa: majirani wote wamo, na tanuri la maikrowevu nalo hutoa mawimbi hapohapo. Yaweke kwenye chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani, na upana uwe megahezi 20. Nafahamu ruta hukushawishi uchague 40 kwa ahadi ya kasi. Penye majirani, utapata kelele zaidi kuliko kasi. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi nzuri ila huchoka upesi yakikutana na ukuta. Televisheni na kompyuta zilizo karibu ziende huko. Ukiwasha ruta na masafa ya 5 yakachelewa kuonekana, subiri. Kwenye baadhi ya chaneli sheria huitaka ruta isikilize kwanza kama kuna rada, angalau kwa dakika moja.

Iweke ruta juu, wazi. Isiwe ndani ya kabati la chuma, nyuma ya televisheni, karibu na kioo kikubwa wala tangi la maji, kwani metali hurudisha mawimbi na maji huyameza. Antena zikisimama wima, mawimbi husambaa zaidi kwa ubavu kuliko kwenda juu, jambo linalofaa nyumba isiyo na ghorofa. Kwa nyumba ya ghorofa, ilaze antena moja.

Chumba cha mbali kikikataa hata hivyo, vuta kebo hadi huko na uweke kituo cha pili cha waifai. Ni kazi ya vumbi na ya kutoboa, nami bado naipendekeza mbele ya kikuza mawimbi. Kikuza mawimbi cha kawaida hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Ukilazimika kukitumia, kiweke katikati ya njia, mahali ambapo waifai bado ni nzuri. Watu hukipeleka kwenye chumba kisichopata kitu, nacho kinakuza kile kidogo kilichofika huko.

Umeme ukiwa wa kukatika, kumbuka ONT na ruta zote mbili zinahitaji kuwa hai. Zipo betri ndogo za kuzilisha moja kwa moja, bila kupitia soketi. Soma volti kwenye kibandiko cha kila kifaa kabla ya kununua, nyingi ni 12 lakini si zote.

Mwisho, hifadhi nakala ya mipangilio ya ruta kwenye kompyuta, kisha urudie kipimo cha waya saa za jioni, watu wote wakiwa mtandaoni, kwa siku kadhaa mfululizo. Kasi ikiporomoka jioni tu na kupanda alfajiri, msongamano uko upande wa kampuni. Ukiwapigia, usiwaambie kwamba intaneti ni mbovu. Waambie umepima kwa kebo ukiwa umeunganisha moja kwa moja kwenye kifaa chao, saa fulani, ukapata kasi fulani, na taa ya LOS haikuwaka. Usikubali kuambiwa uzime na kuwasha kwa mara nyingine; omba namba ya tiketi na uulize fundi anakuja lini.